Kupiga Picha za Shata Ndefu kwa Simu: Mwongozo kwa Wanaoanza

Swali ambalo vijana huniuliza mara nyingi kuliko jingine lolote, wakinikuta nimesimamisha simu yangu kwenye stendi kando ya Barabara ya Jinja jijini Kampala, ni hili: kwa nini picha zao za michirizi ya taa za magari hutoka nyeupe pe, ilhali wamefuata namba zote walizozisoma kwenye mafunzo ya upigaji picha? Wengine huuliza kuhusu maporomoko ya maji, wengine kuhusu nyota, na nikikagua simu zao nakuta karibu wote wameteleza mahali pamoja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na unamchukulia msomaji kuwa mtu mwenye simu ya kawaida ambaye hana mpango wa kununua kamera.

Kosa lenyewe ni hili. Namba za mafunzo mengi, kama vile shata (muda ambao kamera hubaki wazi ikipokea mwanga) ya sekunde 20 kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), zimeandikwa kwa ajili ya kamera kubwa ambayo tundu la lenzi yake linaweza kufinywa hadi f/11 au f/16; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Tundu la lenzi ya simu nyingi halifinyiki. Liko wazi wakati wote, mara nyingi karibu na f/1.8, na tundu la f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara 37 ya ule wa f/11. Kwa hesabu hiyo, sekunde 20 za kamera iliyofinywa ni sawa na takriban nusu sekunde ya simu yako. Aliyeweka sekunde 20 kwenye simu chini ya taa za barabarani amemimina jerikani nzima kwenye kikombe cha chai. Zaidi ya hapo, nadharia unayohitaji ni ndogo: ukiongeza muda wa shata mara mbili, mwanga huongezeka mara mbili; ukipandisha ISO mara mbili, picha hung'aa mara mbili lakini na chenga, yaani punje zinazochafua picha, huzidi.

Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Simu ambayo kamera yake ina sehemu iliyoandikwa "Pro" au "Manual", ambamo unaweza kuweka mwenyewe ISO na muda wa shata. Simu nyingi za Samsung na Xiaomi zinayo. Kwa Tecno na Infinix hutegemea toleo, kwa hiyo ichunguze yako kabla hujaazima stendi ya mtu. Ikiwa haina, jaribu programu ya bure iitwayo Open Camera, ingawa nayo hufanya kazi kwa kadiri tu ambavyo mtengenezaji wa simu ameiruhusu.
- Stendi ya miguu mitatu yenye kibanio cha simu. Ikikosekana, mfuko wa maharage wa kilo 2 uliofungwa vizuri na kuwekwa juu ya ukuta hufanya kazi hiyo hiyo, na mimi nilianza nao.
- Kitambaa laini, kikavu na kisafi.
- Pawabanki iliyojaa, kwa sababu kamera ikiwa wazi kwa saa nzima hula chaji kuliko unavyodhani.
- Miwani ya jua yenye vioo vya giza. Sababu yake utaiona mbele.
- Mtu wa kukusindikiza ikiwa unapiga picha mjini usiku. Simu iliyosimama peke yake kwenye stendi, huku mwenyewe akitazama pembeni, inaweza kunyakuliwa na mtu aliyepakiwa kwenye pikipiki kabla hujageuza shingo.

Hatua za kupiga michirizi ya taa za magari

Ninaanza na barabara kwa sababu ndiyo shule nzuri zaidi: magari hayaishi, na ukikosea unarudia baada ya dakika moja.

1. Chagua mahali wakati kungali mchana. Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo, yenye kona au mteremko, ili michirizi isiwe mistari iliyonyooka tu. Vilima vya Kampala vinatusaidia sana hapa; kutoka Naguru au Muyenga barabara huonekana zikijikunja chini yako. Kumbuka kwamba Uganda magari hupita kushoto: ukisimama ukingoni na kutazama kule magari ya upande wako yanakoelekea, taa nyekundu za nyuma zitakuwa karibu nawe na taa nyeupe za mbele zitakuwa upande wa pili. Wengi huvutiwa na madaraja ya waenda kwa miguu, na ni kweli mandhari yake ni mazuri, lakini daraja hutikisika kila mtu anapopita juu yake, na mtikisiko ambao miguu yako haiuhisi simu huurekodi wote. Ukilazimika kupiga picha kutoka hapo, weka stendi karibu na nguzo, usiiweke katikati ya daraja, na usubiri wapita njia wapungue.

   Fikiria pia saa. Saa 1 jioni foleni ya Kampala imesimama, na gari lililosimama halichori mchirizi wowote. Utapata madoa ya taa tu. Nenda baada ya saa 3 usiku, au chagua mahali ambapo foleni hufunguka na magari huanza kukimbia. Mvua ikiwa imetoka kunyesha, usikate tamaa, kwa maana lami iliyolowa huakisi taa na kuzidisha rangi maradufu. Kwenye barabara ya kasi ya kwenda Entebbe usisimame kabisa, kwa kuwa hairuhusiwi na ni hatari.

2. Omba ruhusa panapostahili. Katika mtaa wa watu, kumsalimia mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kumweleza unachofanya huchukua dakika tano na huokoa usiku mzima wa maswali. Usielekeze simu kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi au mabwawa ya umeme. Pale Jinja, daraja jipya la Nile lililofunguliwa mwaka 2018 linapendeza mno usiku likiwa na taa zake. Lakini ukimwona askari, muulize kwanza kwa adabu, na akisema hapana, funga stendi yako uondoke.

3. Futa lenzi. Simu iliyotoka mfukoni ina mafuta ya vidole, na mafuta hayo hugeuza kila taa ya barabarani kuwa wingu lenye mkia. Hii ni hatua ya sekunde kumi ambayo nusu ya wanaoanza huiruka.

4. Simamisha simu na ukague mkao wa kibanio. Fungua miguu yote ya stendi, usirefushe shingo ya katikati, na ikiwa kuna upepo tundika begi lako chini yake. Hakikisha kibanio hakikandamizi kitufe cha sauti wala cha kuwasha. Jioni moja nilipoteza karibu saa nzima nikiamini simu yangu imeharibika, kwani kila nilipoifunga kwenye kibanio ilijipiga picha yenyewe mfululizo. Kumbe mdomo wa mpira wa kibanio ulikuwa umekaa juu ya kitufe cha kupunguza sauti.

5. Zima mitandao na flashi. Simu ikipigiwa huku shata iko wazi, mtetemo huharibu picha. Flashi nayo haifiki barabarani. Itamulika vumbi na wadudu walio mbele yako tu.

6. Fungua sehemu ya "Pro" na uweke namba zifuatazo. ISO iwe ya chini kabisa inayopatikana, yaani 50 au 100. Muda wa shata uwe nusu sekunde. Mizani ya rangi usiiache ijiamulie. Iweke karibu na 4000K (K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) ili picha zote ziwe na rangi moja. Kwa fokasi, gusa kitu kilicho umbali wa barabara, kama nguzo ya taa au kibao cha duka, kisha uifunge isihame. Tumia lenzi kuu ya simu, ile ya 1x. Lenzi pana na ile ya kuvuta karibu mara nyingi ni dhaifu zaidi gizani, na zumu ya kidole hukata picha tu.

7. Weka taima ya sekunde 3 au 5. Kidole kikigusa kioo, simu hucheza, hata ikiwa stendi ni imara. Taima huipa muda wa kutulia.

8. Piga, kagua, kisha ongeza muda hatua kwa hatua. Hii ndiyo hatua yenye kazi halisi, na haitaki haraka. Baada ya picha ya nusu sekunde, ikuze kwenye kioo na utazame vitu viwili: lami na mabango. Ikiwa lami bado ni nyeusi na maandishi ya mabango yanasomeka, panda hadi sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Pale maandishi yanapoanza kufutika kwa weupe, rudi hatua moja nyuma. Hapo ndipo kipimo cha barabara hiyo kwa usiku huo. Usitegemee mwangaza wa kioo chenyewe, kwa sababu gizani kila picha huonekana inang'aa. Punguza mwanga wa kioo hadi nusu kabla ya kuhukumu. Bonyeza wakati gari linakaribia kuingia kwenye fremu, lisiwe limekwisha kufika katikati, ili mchirizi uanzie pembeni na uvuke picha yote. Ukibahatika kupata bodaboda ikijipenyeza kati ya magari, utaona mstari wake mmoja mwembamba ukipindapinda katikati ya mistari iliyonyooka, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha ya Kampala kuliko mnara wowote.

9. Ukihitaji michirizi mirefu kuliko kipimo ulichopata, zipo njia tatu. Ya kwanza ni kuhamia mahali penye giza zaidi. Umeme ukikatika mtaani, watu hulalamika, lakini barabara hubaki na taa za magari peke yake, na hapo sekunde 8 zinaweza kukaa vizuri bila kuunguza chochote. Ya pili ni kushikilia kioo cha miwani ya jua mbele ya lenzi, kikiwa karibu kabisa bila kuigusa. Miwani ya giza ya kawaida hupunguza mwanga kati ya mara 6 na 12 hivi, kwa hiyo sekunde 1 yako inaweza kuwa sekunde 6 au zaidi. Ya tatu, ambayo mimi naiona bora, ni kupiga picha 20 au 30 za sekunde 1 mfululizo bila kusogeza simu, kisha kuziunganisha kwa kompyuta. Programu ya bure ya StarStaX hufanya hivyo kwa kuchukua katika kila nukta mwanga mkali zaidi kati ya picha zote: taa zinajumlishwa, lakini lami haizidi kung'aa. Baadhi ya simu za Huawei, Oppo na Vivo zina sehemu maalumu ya kuchora kwa mwanga ambayo huunganisha zenyewe huku ukitazama.

Kwa wenye iPhone

Kamera ya iPhone haina sehemu ya "Pro" ya kuweka muda wa shata. Washa alama ya "Live", piga picha simu ikiwa imetulia, kisha ifungue kwenye maktaba ya picha na uchague "Long Exposure" kwenye orodha ya athari. Simu hurekodi sekunde 1.5 kabla na sekunde 1.5 baada ya kubonyeza, na athari hiyo huchanganya yote kuwa picha moja. Kwa maji yanayotiririka ni njia nzuri ajabu, tena hata mchana. Kwa magari sekunde 3 ni chache, na picha hukatwa kidogo pembeni, basi acha nafasi wakati wa kupanga fremu.

Maporomoko na mito

Hatua ni zile zile, ila adui hapa ni jua. Saa 7 mchana, kwa ISO 50 na tundu la f/1.8, picha sahihi huhitaji takriban 1/4000 ya sekunde, wakati maji huanza kulainika kama pamba kwenye 1/4 ya sekunde au zaidi. Tofauti hiyo ni mara 1000, na hakuna miwani ya jua itakayoiziba. Hivyo basi, panga safari yako kwa saa na si kwa mahali. Hapa kwetu kwenye ikweta jua huzama wima, likitua karibu na saa 1 jioni mwaka mzima kwa tofauti ya takriban nusu saa tu, na mwanga unaobaki hufifia ndani ya dakika 20 na kidogo. Fika nusu saa kabla, panga fremu, na uwe tayari. Vinginevyo, amka alfajiri.

Maporomoko ya Sipi kule Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, yanafaa sana kwa zoezi hili kwa kuwa ni matatu, na lile kubwa linaanguka karibu mita 100. Njia zake huteleza, basi mchukue kiongozi wa hapo kijijini na usishuke gizani peke yako. Kwenye Maporomoko ya Murchison, ambako Nile yote hujibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi kabla ya kuanguka, tatizo ni manyunyu. Lenzi hulowa ndani ya sekunde chache. Usielekeze mgongo wa simu, penye lenzi, kule upepo unakotoka hadi dakika ya kupiga; futa, piga, kisha futa tena. Weka ndani ya fremu mwamba au mti usiotikisika. Bila kitu kilichotulia, jicho halijui kwamba maji ndiyo yaliyosogea, nalo huona ukungu tu.

Nyota, na taa za wavuvi

Kwa nyota, ondoka mjini na uchague usiku usio na mbalamwezi, ikiwezekana katika miezi ya kiangazi. Hapa, kinyume na barabarani, mwanga ni haba, kwa hiyo tumia ISO 1600 na sekunde 15. Ukizidisha sana muda huo nyota huanza kurefuka, kwa sababu dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Fokasi iweke kwa mkono hadi mwisho kabisa, penye alama ya mlima. Simu za Google Pixel kuanzia ile ya 4 zina hali ya nyota inayotumika simu ikiwa imetulia gizani, nayo hukusanya mwanga hadi dakika 4 bila nyota kurefuka.

Ukitaka michirizi ya nyota, piga picha nyingi kwa saa nzima na kuziunganisha kama nilivyoeleza. Usitarajie ile duara iliyo katikati ya anga unayoiona katika picha za Ulaya: kwenye ikweta kitovu cha mzunguko kipo kwenye upeo wa macho, kaskazini na kusini. Ukielekeza simu mashariki, nyota zitapanda karibu wima kama mvua inayorudi juu.

Usiku huo huo usio na mwezi ndio wavuvi wa mukene (dagaa) hutoka na taa zao kwenye Ziwa Victoria. Kutoka ufukweni Entebbe au kwenye mwalo wowote wa visiwa vya Ssese, taa hizo hupangana kwenye upeo kama mji. Tumia ISO 200 na sekunde 4, kisha ikuze picha: kila taa imeandika herufi yake ndogo, kwa kuwa kila mtumbwi umeyumba kivyake. Waombe ruhusa wavuvi walio karibu, usikae kwenye nyasi za ukingoni ambako viboko hupanda kula usiku, na uzime kioo cha simu kati ya picha, maana wadudu wa ziwani hukifuata mwanga wake kwa maelfu.

Picha ikikataa

*Picha yote ni nyeupe.* Angalia kwanza kama ISO imebaki kwenye "Auto". Simu nyingi zikiachiwa ISO huipandisha hata kama shata ni ndefu. Ikiwa ISO iko chini kabisa, punguza muda kwa nusu hadi weupe uondoke.

*Kila kitu kina ukungu, hata majengo.* Simu imetikisika. Kagua kibanio, sakafu na upepo, na uzime kipengele cha kutuliza picha ikiwa simu yako inaruhusu, kwa sababu juu ya stendi wakati mwingine huleta mtikisiko wake chenyewe.

*Majengo ni makali lakini nyota ni madoa.* Fokasi imeshika kitu cha karibu. Ilenge taa ya mbali kabisa, uifunge, kisha urudi angani.

*Kuna vitone vya kijani vilivyopangana kinyume na taa za barabara.* Ni mwanga unaorudi ndani ya lenzi. Sogeza fremu kidogo ili taa kali isiwe ndani yake, au ifiche nyuma ya nguzo.

*Michirizi ya picha zilizounganishwa imekatikakatika.* Simu ilipumzika kati ya picha na picha ili kuhifadhi. Zima RAW (picha ghafi ambayo simu haijaichakata) kwa kazi hii, kwani mafaili yake ni makubwa na huchelewesha. Iwashe kwa picha mojamoja unazotaka kuzirekebisha baadaye kwenye programu ya Snapseed.

*Simu hurudisha muda wa shata chini yenyewe, au kamera hujifunga.* Mara nyingi imepata moto au chaji imeshuka sana. Itoe kwenye kasha, iache dakika kumi ikiwa imezimwa, na usiichaji wakati huo. Pawabanki huongeza joto ikiwa simu inafanya kazi. Ikiendelea hivyo hata ikiwa baridi, hicho ndicho kikomo ambacho mtengenezaji ameiwekea, nawe utumie njia ya kuunganisha picha fupi.